Jumamosi za Ann Arbor

Miaka ya tisini, ukipita barabarani, Michigan Stadium ulionekana kama ukuta mfupi tu wenye uzio. Haukuwa na paa wala minara ya taa. Mtu aliyezoea viwanja vinavyopanda juu angeweza kupita bila kugeuza shingo, kwa sababu sehemu kubwa ya uwanja ule imechimbiwa ardhini. Ukishaingia langoni unajikuta uko karibu na safu za juu, na benchi zinateremka mbele yako, safu chini ya safu, mpaka kwenye majani. Wenyeji wanauita Nyumba Kubwa. Mara ya kwanza nilisimama pale juu nikashika nguzo.

Nilikuwa nimetoka Tanga kwenda Ann Arbor, Marekani, kusomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Michigan. Uwanja uliofurika niliujua. Simba na Yanga nilizitazama Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, tangu nikiwa mdogo. Lakini Taifa watu walifuata klabu. Kule, watu zaidi ya laki moja walikuja kuwatazama wanafunzi wakicheza futiboli ya Kimarekani, vijana ambao Jumatatu ungewakuta darasani. Mji wenyewe ulikuwa na wakazi kama laki moja na kidogo, kwa hiyo siku ya mechi waliokuwa uwanjani walikaribia idadi ya wakazi wote wa mji.

Aliyeuwaza uwanja huo ni Fielding Yost, kocha wa zamani ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo. Hakutegemea kodi ya wananchi. Ziliuzwa hatifungani 3,000 za dola 500 kila moja, na aliyenunua alipata pia haki ya kukata tiketi za sehemu nzuri kwa miaka 10. Pale walipochimba palikuwa na chemchemi, na maji yaliwatesa wajenzi. Mechi ya kwanza ilichezwa Oktoba 1, 1927, Michigan ikaifunga Ohio Wesleyan 33-0, katika uwanja uliogharimu kama dola 950,000 na wenye nafasi 72,000. Yost alitaka misingi iwe imara kiasi cha kubeba safu zaidi, ili siku moja watu wapite laki moja. Alifariki mwaka 1946, miaka 10 kabla ya nafasi kufika 101,001.

Jumamosi ilianza mapema. Kufika saa tatu asubuhi, moshi wa nyama ulikuwa umetanda juu ya uwanja wa gofu ulio ng'ambo ya barabara. Watu walifungua buti za magari, wakawasha majiko, wakatandika meza, na mpita njia hakuachwa apite na njaa. Nililishwa sana na watu ambao sikuwahi kuwaona tena. Kisha bendi ilitoka Hoover Street, ngoma mbele na matarumbeta nyuma, ikipiga “The Victors”, wimbo ambao mwanafunzi Louis Elbel aliutunga mwaka 1898. Watoto walipandishwa mabegani waone. Umati mzima, umevaa buluu na njano ya mahindi, uliifuata bendi mpaka langoni.

Nikiulizwa siri ya uwanja ule, nitasema ni benchi. Zilikuwa ndefu, hazina mgongo, kila nafasi imeandikwa namba, na nafasi yenyewe ni finyu kwa mtu aliyevaa koti la baridi. Tulibanana. Profesa, fundi bomba, bibi na mjukuu wake, wote bega kwa bega, na akisimama mmoja safu nzima inasimama. Pombe haikuuzwa. Hakukuwa na mabango ya biashara ya kukuibia macho, ulitazama mchezo au uliwatazama watu. Pale sikuwa mgeni. Mzee mmoja aliyekuwa akija tangu utotoni alinifundisha kwamba timu ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, halafu akaniinamia sikioni: “Kijana, usifuate mpira. Watazame wale wanene wa mbele. Wao ndio wanaoamua.” Tangu siku hiyo nikaanza kuuelewa mchezo.

Desturi moja niliipenda kupita kiasi. Yalipotangazwa matokeo ya vyuo vingine, watu walisubiri ya Slippery Rock, chuo kidogo cha Pennsylvania ambacho Michigan haina mashindano nacho kabisa, na yalipotajwa uwanja mzima ulishangilia. Mapenzi hayo yalifika mbali: mwaka 1979 Slippery Rock waliletwa kucheza Ann Arbor dhidi ya Shippensburg, na watu 61,143 wakaenda kuwatazama.

Novemba 22, 1997 walikuja Ohio State, mahasimu wenyewe. Michigan ilikuwa haijafungwa msimu mzima. Charles Woodson, mlinzi wa Michigan aliyezaliwa Ohio kwa hao hao mahasimu, aliudaka mpira uliopigwa mbali akakimbia nao yadi 78 hadi mstari wa mwisho. Sikuusikia mlio, niliuhisi miguuni kupitia benchi. Michigan ilifika 20-0, wageni wakarudisha mpaka 20-14, na dakika za mwisho watu walishikana mikono na wasiowajua. Kipenga kilipolia umati ulimiminika uwanjani. Wiki chache baadaye Woodson alipewa Heisman, tuzo kubwa kuliko zote katika mchezo huo vyuoni, ambayo mlinzi hakuwahi kuipata kabla yake.

Lipo lililoniuma, nami nalisema. Vijana wale walijaza uwanja na kuingiza fedha nyingi za televisheni, lakini wao walipata ufadhili wa masomo tu. Niliwaona wakija darasani wamefungwa bandeji. Ruhusa ya kulipwa kwa majina na sura zao ilikuja mwaka 2021. Ilichelewa mno.

Mwaka 2010 ulikamilika ukarabati wa dola milioni 226, kuta za matofali zikapanda pande mbili zikiwa na vyumba vya wenye fedha. Zamani kelele zetu zilipaa zikapotea; sasa kuta zinazirudisha chini. Mwaka 2014, Manchester United na Real Madrid walipocheza pale mbele ya watu 109,318, ndugu zangu wa Tanga walinipigia simu kuuliza kama ndio uwanja niliokuwa nikiwasimulia. Ndio wenyewe.

Ukijaliwa kufika Ann Arbor msimu wa mechi, achana na vyumba vya juu hata ukialikwa. Omba nafasi ya benchi, ukae katikati ya watu.