HODI UGENINI: TULIVYOTAFUTA CHUMBA UJERUMANI



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeturudisha salama hapa Ntobeye, mahali tulipofundishwa alifu kwa ubao na kijiti. Walimu wetu wametuomba tuandike machache katika jarida la mwaka huu kuhusu masomo yetu ya misitu katika mji wa Göttingen, Ujerumani. Tulikaa tukashauriana, tukaona ya darasani mtayasikia hata kwa wengine. Sisi tutaeleza jambo ambalo hakuna aliyetuuliza kabla ya safari, nalo lilitutoa jasho kuliko mtihani wowote: tutalala wapi?

Kwetu mgeni hubisha hodi, akakaribishwa, akapewa maji ya kunawa, na usiku watoto wakahamishiwa mkekani ili yeye apate kitanda. Wazee wetu wanakumbuka mwishoni mwa Aprili 1994, pale watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakajaza vilima vya Benaco hapa wilayani Ngara. Tulikua tukisikia habari hizo, tukadhani kukosa pa kulala ni mambo ya vita tu. Hatukujua kuwa mtu anaweza kuwa na pasipoti, viza na barua ya chuo kikuu, na bado akakosa mlango wa kufungua.

Ng'ombe aliyepotea kwa picha

Ilikuwa Septemba 2022. Masomo yalikuwa yaanze Oktoba, na huo ndio mwezi mgumu kuliko yote kwa mtafuta chumba katika miji ya vyuo ya Ujerumani, kwa sababu wanafunzi wapya wote hufika kwa mpigo. Mabweni ya shirika la huduma za wanafunzi, liitwalo Studentenwerk, ndiyo yenye kodi nafuu, lakini yana orodha ya kungojea, na sisi tulijiandikisha tukiwa tumechelewa.

Tukaanza kutafuta kwa simu tukiwa huku huku Ngara. Tukampata mtu mwenye nyumba nzuri: picha zinang'aa, jiko jeupe, dirisha linaloelekea bustanini, na kodi ndogo. Akatuambia yeye yuko nchi nyingine kikazi, hawezi kutuonyesha nyumba, ila tukituma euro 300 za kuishikilia atatutumia funguo kwa posta. Mmoja wetu alisita. Mwingine akasema, tukichelewa ataichukua mtu mwingine. Mzee mmoja wa nyumbani kwetu akauza ng'ombe, tukatuma. Funguo hazikuja. Baada ya wiki moja simu yake ikawa haipatikani, na zile picha tukaziona kwingine zikiwa na jina la mtu mwingine.

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipoona haya. Tulisoma katika madrasa hii hii kwamba muamala wenye gharar haufai, yaani kuuziana au kukodishiana kitu kisichojulikana kilipo wala kilivyo. Tulilijibu swali hilo kwenye mtihani tukapata maksi zote. Lakini lilipokuja na picha nzuri hatukulitambua. Mzee hakutulaumu. Alisema tu, "Wanangu, ng'ombe tunamkagua meno kabla ya kulipa." Maneno hayo tumeyabeba mpaka leo.

Usaili wa jikoni

Tulifika Göttingen bila anwani. Mwanafunzi mmoja Msudani, Allah amlipe kheri, akatulaza sakafuni mwake kwa wiki tatu. Chumba chake kilikuwa cha mtu mmoja, na kumweka mgeni kwa siku nyingi kungeweza kumletea matatizo, hivyo tulikuwa tukiingia kimya na kutoka kimya.

Kule wanafunzi wengi hukodi nyumba moja pamoja, kila mmoja na chumba chake, jiko na choo vikiwa vya wote. Mmoja akihama, wanaobaki ndio humchagua wa kujaza nafasi. Basi tuliandika maombi zaidi ya 40, tukajibiwa na wachache, tukaitwa kuonwa. Mnakaa jikoni, mnapewa chai, wanauliza: Unapika nini? Unavuta sigara? Unapenda usafi? Unarudi saa ngapi? Ni kama posa, isipokuwa hakuna mshenga wa kukusemea. Hapa kwetu mtu atasema, "Huyu ni mtoto wa fulani, namjua babu yake." Kule babu yako hajulikani, kwa hiyo karatasi ndizo husema badala yake: barua ya chuo, uthibitisho wa fedha, na barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hudaiwi. Sisi hiyo ya mwisho tungeitoa wapi?

Wakati mwingine tulicheka tukikumbuka boma la Wajerumani lililoko kwa jirani zetu Biharamulo. Wao walipokuja kwetu hawakuombwa mkataba wala dhamana.

Siku moja tukapata chumba kikubwa cha mtu mmoja. Rafiki akatushauri: mmoja atie saini, mwingine aishi humo kimyakimya, kodi mgawane. Tulikuwa tumechoka, na sakafu ya Msudani ilikuwa na baridi. Lakini kule sheria inamtaka kila mtu ajiandikishe kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, na tangu Novemba 2015 huwezi kujiandikisha bila karatasi yenye saini ya mwenye nyumba. Asiye na karatasi hiyo hupata taabu kubwa katika kibali cha ukaazi. Hata pasipo sheria, je, tungeswali vipi kwa raha ndani ya chumba ambacho mmoja wetu amejificha? Tukamwambia mwenye nyumba ukweli kwamba tuko wawili. Akatushukuru, akampa chumba mtu mwingine. Tunalitaja hili makusudi, wanafunzi wapenzi, msije mkadhani ukweli hulipwa papo kwa papo. Usiku ule tulirudi sakafuni.

Bibi wa chini

Msaada ulitokea msikitini. Msikiti tuliokuwa tukiswali Ijumaa ni wa Waturuki. Wengi wao ni watoto na wajukuu wa vibarua walioanza kuja kwa mkataba wa serikali mbili hizo wa Oktoba 1961, na wengi wa vibarua hao waliishi kwanza katika mabweni ya wafanyakazi, vitanda vimebanana. Mzee mmoja alipotusikia akasema anamfahamu mama mjane mwenye vyumba viwili vidogo juu ya kwake. Alitupeleka mwenyewe. Kumbe hata kule mshenga yupo, ukibahatika kumpata!

Yule bibi alituonyesha kila kona, akatoa mkataba, akatupa siku mbili tuusome. Kodi aliyotaja ilikuwa namna mbili. Wajerumani wana "kodi baridi", ya vyumba vitupu, na "kodi ya moto", iliyoongezewa maji, takataka na joto la kupasha nyumba. Yetu ilikuwa euro 390 baridi na 520 ya moto. Asiyejua hupanga bajeti kwa ile baridi, kisha akashindwa kulipa ile ya moto.

Akataka pia fedha ya dhamana, kodi baridi ya miezi miwili. Sheria yao inasema dhamana isizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Kodi yenyewe hulipwa mwezi kwa mwezi. Linganisheni na Dar es Salaam au Mwanza, ambako mara nyingi mpangaji hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa pamoja, na dalali juu yake. Kule, tangu Juni 2015, dalali wa nyumba za kupanga hulipwa na yule aliyemwita.

Maji ya udhu

Mwezi wa pili likatokea jambo ambalo hatutalisahau. Choo cha kule mara nyingi hakina tundu sakafuni la kutolea maji. Sisi tulikuwa tukitawadha kwenye sinki, tunainua mguu, maji yanamwagika chini, tunafuta kwa haraka na kukimbilia swala. Asubuhi moja tukiteremka ngazi, mlango wa bibi ulikuwa wazi, tukaona kwenye dari yake doa la kahawia lenye ukubwa wa sinia. Yeye alikuwa hajaliona.

Tulipanda tena juu tukakaa kimya. Mmoja akasema, huenda ni bomba bovu. Mwingine akasema, unajua si bomba. Hapo tukakumbuka kisa tulichosimuliwa hapa madrasa tukiwa wadogo. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina alifikia nyumbani kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.). Mtume alikaa chini, Abu Ayyub na mkewe juu. Usiku mmoja mtungi wa maji ukavunjika kule juu, na wao wakachukua blanketi lao, nao hawakuwa na jingine, wakakausha maji ili yasimdondokee mgeni wao. Abu Ayyub huyo ndiye ambaye kaburi lake liko Istanbul, na Waturuki wanamheshimu sana. Tuliwahi kukipenda kisa hiki kwa ajili ya mapenzi yao kwa Mtume. Siku ile tulikisikia upya, kwa sababu na sisi tulikuwa juu, na mtu yuko chini, na maji yamemwagika.

Tukateremka tukabisha hodi. Tukamwonyesha doa, tukamweleza tunanawa mara tano kwa siku na jinsi maji yanavyomwagika. Alinyamaza muda mrefu akiangalia dari. Kisha akauliza, "Miguu pia? Mara tano? Hata wakati wa baridi?" Akaomba tumwonyeshe. Akatuambia tuwe tunanawa ndani ya beseni la kuogea, na Jumamosi iliyofuata tulinunua rangi, tukapaka dari yake wenyewe.

Tangu siku hiyo alitufundisha mengi. Kwamba kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa utulivu, na Jumapili mchana kutwa hakuna kupiga misumari wala kutoboa ukuta. Kwamba takataka hutengwa: karatasi kwake, maganda kwake, plastiki kwake. Kwamba madirisha hufunguliwa wazi dakika chache kila siku hata kuwe na theluji, maana mvuke wa maharage na nguo zinazoanikwa ndani huotesha kuvu ukutani, na gharama yake inaweza kukatwa kwenye dhamana. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, Machi 2023, tuliacha kusonga ugali wa daku saa kumi usiku, maana mwiko ulikuwa ukigonga sufuria juu ya kichwa chake. Tukala wali wa jioni na tende. Jioni tulikuwa tukimpelekea sahani ya futari, naye alikuwa akiirudisha imeoshwa na tofaa juu yake.

Kukabidhi amana

Tulihama Septemba 2024. Siku ya kuingia tulikuwa tumepiga picha kila ukuta na kuandika kila mkwaruzo, sisi na yeye tukatia saini. Siku ya kutoka tukapita na karatasi ile ile. Dhamana ikarudi yote, euro 780, pamoja na euro moja na senti kadhaa. Tukauliza za nini? Kumbe sheria inamtaka mwenye nyumba aiweke dhamana benki mbali na mali yake, na faida yake ni ya mpangaji. Tulijua hiyo ni riba. Tulipouliza wenye elimu, wakatuelekeza tuitoe kwa wahitaji bila kutarajia thawabu, basi tukafanya hivyo. Ni fedha ndogo, lakini euro 300 za ng'ombe zilitufundisha kwamba dogo ndilo mlango wa kubwa.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, kijana mmoja kutoka Kenya alifika akiwa hana pa kulala. Tulimwomba bibi ruhusa, akakubali, tukamtandikia sakafuni. Tuliona tunamlipa Msudani wetu.

Wanafunzi wapenzi, si wote mtakaokwenda Ulaya. Lakini wengi mtakwenda Ngara mjini, Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam, na huko nako mtapanga. Anayekwenda Ujerumani kwa fedha zake ajue kwamba Septemba 2024 serikali yao ilianza kutaka aonyeshe euro 11,904 za mwaka mmoja, sawa na 992 kwa mwezi, na sehemu kubwa itakwenda kwenye kodi. Popote muendapo, msilipie mlango msiouona. Msifiche idadi yenu. Someni mkataba kabla ya kalamu. Mkiharibu, bisheni hodi ninyi kwanza. Na mkishapata paa, kumbukeni aliye nje.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie wanafunzi wetu elimu yenye manufaa na makazi yenye utulivu, hapa duniani na kesho akhera. Amin.