Mama Aliyefiwa Ndani ya Filamu

Akina mama wenzetu, msitucheke. Sisi wa hapa Ngana, mtu na mumewe, ni wapenzi wa filamu za Terminator tangu siku za uchumba, tulipokuwa tukilipa kiingilio katika kibanda cha video na kubanana kwenye mabenchi.

Wengi walimpenda Arnold Schwarzenegger na miwani yake myeusi. Sisi tulimpenda Sarah Connor. Katika filamu ya pili, ya mwaka 1991, mama huyu anapambana na mashine iliyotumwa kumwua mwanawe, John. Kwa muuguzi anayekesha wodini na akina mama wenye watoto mahututi, huyo hakuwa mgeni.

Zilizofuata, za 2003, 2009 na 2015, hazikuturidhisha. Kijana wetu alipotuletea ya sita, Dark Fate ya mwaka 2019, tuliketi na mashaka. Kabla hatujatulia, mashine ilimpiga John risasi mbele ya mama yake. Tulikasirika. Ikiwa mtoto anakufa, jasho lote lile la mama lilikuwa la nini?

Swali hilo tulikwisha kulisikia. Mama mmoja wa kikundi chetu cha kanisa alikuwa na mwana tuliyemwuguza malaria kali utotoni, akapona. Alipokuwa kijana, pikipiki ikamwua. Tulipofika msibani mama yule alituuliza, "Basi mlimponyea nini?" Hatukuwa na jibu. Tuliteka maji, tukapika, tukaketi naye mkekani.

Sarah hakuwa na wa kuketi naye. Amebeba uchungu zaidi ya miaka 20. Mashine iliyomwua John nayo imejifunza kumtunza mama mmoja na mtoto wake, na inauza mapazia. Inamsaidia Sarah, lakini yeye hasamehi upesi. Hapo tuliona ukweli.

Hata hivyo, shaka yetu haijaisha. Kifo cha John kilipita kwa dakika chache, kisha mbio zikaanza upya. Kwetu msiba haupiti hivyo.

Mpendwa msomaji, miaka ya mtoto haiwi bure kwa kuwa ilikuwa michache. Kila homa uliyoikesha ilikuwa upendo, na upendo huo ulimfikia. Nawe ukiwa na jirani aliyefiwa, usimharakishe kusahau wala kusamehe. Chukua ndoo, kamtekee maji, kisha keti naye.