Shanga, Ngozi na Madumu Yaliyotupwa

Msafiri atokaye Arusha, akishapanda ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, huingia Karatu, mji wa udongo mwekundu na mashamba ya ngano na kahawa. Wengi hupita upesi, macho yakiwa kwenye kreta. Sisi tulikusudia kukaa, kwa kuwa tulifuatana na watoto, nasi tulitaka waione kazi ya mikono ya akina mama wa huko.

Wenyeji wa Karatu ni Wairaki, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wambulu. Mabibi zao walivaa sketi za ngozi zilizotariziwa shanga kwa wingi, nyingine zikining'inizwa njuga kwenye pindo. Msichana alishona ya kwake katika siku za kutengwa zilizoitwa marmo, zilizomwandaa kwa utu uzima na ndoa. Marmo ilikoma takriban mwaka 1930, na ushonaji ule ukafifia nayo. Leo sketi kadhaa za aina hiyo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Sindano na shanga zilibaki Karatu. Kilichoondoka ni siku ya kuivaa sketi.

Tulipoteremka Mangola, kando ya Ziwa Eyasi, mambo yalikuwa mengine. Wanawake wa Kidatoga wangali na sketi zao za ngozi, na wahunzi wa kabila hilo huyeyusha kufuli mbovu na koki za maji zilizochakaa, wakafua bangili. Si jambo geni huko: katika pango la Mumba, karibu na ziwa hilo hilo, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta shanga za ganda la yai la mbuni, za maelfu mengi ya miaka.

Ngorongoro ndiko tulikokaa kitako. Ule ushanga wa shingoni wa Kimasai, mpana kama sahani, huonekana wa shanga tupu. Ndani yake mna waya wa kuushikilia, na kati ya safu mna vijiti vya kutenganisha, ambavyo zamani vilikatwa katika ngozi ya ng'ombe na sasa hukatwa katika madumu yaliyotupwa. Nyuzi aghalabu huchomolewa katika mifuko ya sandarusi. Vining'inio ni vipande vya bati. Anayesuka ukili atalielewa hili: ikikosewa hesabu ya safu moja, ua zima hupotoka.

Nasi watu wa pwani tuna sehemu yetu. Shanga za kioo, kama samesame nyekundu, zilitoka ng'ambo na kupandishwa bara na misafara ya Pangani, ukiwemo wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe. Mwaka 1883 msafara wa Mskochi Joseph Thomson ulilazimika kukaa Taveta, wapagazi wakitunga shanga upya kwa urefu walioukubali Wamasai. Mnunuzi aliyekuwa na masharti wakati huo alikuwa Mmasai. Leo ni mgeni, naye hupunguza bei hadi kazi ya siku kadhaa iwe sawa na soda mbili. Jambo hilo halitupendezi.

Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959, wafugaji waliachwa waishi ndani yake. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, mbali na wageni wa kreta. Kwa mama anayenunua unga kwa fedha za shanga, umbali huo si mdogo.

Katika boma moja binti yetu alichagua ushanga uliotundikwa peke yake, mzuri kuliko yote iliyotandazwa chini. Tukauliza bei.

"Huo wa binti yangu," akasema yule mama, "ataolewa nao. Chagueni katika hii mingine."