Sauti za Mbele na za Nyuma

Mjukuu wangu alipounga spika sita kwenye kompyuta hapa nyumbani Kyela, nilimwuliza za nini zote hizo. "Babu, tano za kukuzunguka, ya sita ya besi." Mpango huo huitwa 5.1. Spika ya katikati, chini ya kioo, ndiyo hubeba maneno ya waigizaji. Za nyuma huleta nyayo, umati na mvua, ingawa mvua Kyela tunayo ya kutosha juu ya bati. Kwa filamu sina ubishi. Ile ya katikati huweza kuongezwa sauti peke yake, na masikio yangu ya uzee sasa yanashika mazungumzo.

Muziki ni jambo jingine. Kanda ya kwaya aliyoimba marehemu mke wangu ilirekodiwa kwa njia mbili tu, kushoto na kulia. Kijana aliihamishia kwenye kompyuta, nayo ikaitawanya kwenye spika zote, hata sauti yake ikanijia mgongoni. Kwaya husimama mbele ya msikilizaji. Nikamwagiza azime za nyuma.

"Zitakaa bure, Babu."

Na zikae. Bibi yake alisimama safu ya kwanza, upande wa kushoto, na huko ndiko ninakomsikia.