Kwale wa Milima ya Udzungwa

Mashariki ya Iringa, katika nchi ya Tanzania, milima ya Udzungwa imesimama juu ya bonde la Kilombero. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda huko na kugeuka mawingu, hata miti ikatona maji siku isiyo na mvua. Katika giza la misitu hiyo, mahali palipopita mita 1,300 juu ya bahari, hukaa kwale ambaye wataalamu wa ulimwengu hawakumjua mpaka mwaka 1991.

Habari za kujulikana kwake ni za ajabu kidogo. Wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini msituni, na katika sufuria ya kitoweo ikaonekana miguu ya ndege isiyofanana na ya kuku. Baadaye wakamwona mwenyewe akiwa hai, na mwaka 1994 akaandikwa kuwa ndege mpya kabisa. Kwa wawindaji wa huko hakuwa mpya hata kidogo. Walikuwa wakimtega tangu zamani.

Ndege huyu ana mdomo mwekundu, miguu ya manjano na kifua cha kijivu chenye madoa meusi. Mchana hutembea kwa makundi madogo, akifukua majani makavu kutafuta mbegu, mchwa na mbawakawa. Usiku hupanda mitini kulala. Akisikia kishindo, hutoweka vichakani.

Lakini ajabu kubwa zaidi ni ukoo wake. Kwale wengi wa Afrika si ndugu zake wa karibu. Jamaa zake wanaishi katika misitu ya Asia. Wataalamu hudhani kwamba mababu zao walipita Arabuni zamani sana, nchi zile zilipokuwa na misitu. Misitu ilipokauka, ndege huyu akabaki juu ya milima kama mtu aliyezungukwa na maji. Mwaka 2000 mwenzake alipatikana katika milima ya Rubeho, ng'ambo ya mto Ruaha Mkuu, naye sasa huhesabiwa na wengi kuwa wa aina ya pekee.

Hawezi kuhama. Bonde la chini lina joto na ukavu, na moto ukila ukingo wa msitu, makao yake hupungua. Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania iliitangaza sehemu kubwa ya misitu yake kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero. Walinzi waendao huko hawana budi kutazama chini kuliko juu, maana mitego ya kamba hutegwa katika njia zile zile anazopita kwale.