Nyoka wa Somersby na Nyoka wa Meserani

Jamaa wa nyumbani wakisikia kwamba familia iliyoko Sydney imetumia siku ya likizo kwenda kutazama nyoka, swali lao huwa moja: mmelipa? Ndiyo, wamelipa. Wameamka mapema, wamefungasha sambusa na chupa ya chai, wamewapanga watoto kiti cha nyuma na kushika barabara kuu ya kaskazini. Baada ya kama saa moja wamefika Somersby, iliko Australian Reptile Park. Kwa mtu aliyelelewa Monduli, Kilifi au Sengerema, ambako nyoka akionekana uani hutafutwa fimbo kwanza na jina lake baadaye, matembezi hayo humwachia mawazo yanayodumu kuliko picha zilizomo kwenye simu.

Milango hufunguliwa saa tatu asubuhi, na nusu siku inatosha. Kila kitu kina saa yake: saa ya nyoka, saa ya buibui, saa ya Hugo, kobe mkubwa mwenye asili ya Galápagos, ambaye humfanya Mzanzibari awakumbuke kobe wa kisiwa cha Changuu, uzao wa wale walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Umati mkubwa huwa kwa Elvis. Huyu ni mamba wa maji chumvi mwenye urefu wa karibu mita 5, aliyekamatwa katika bandari ya Darwin kwa kosa la kushambulia boti, akaletwa Somersby mwaka 2008. Desemba 2011 aliwavamia watunzaji waliokuwa wakikata nyasi ndani ya uzio wake, akawanyang'anya mashine ya kukatia nyasi na kuizamisha bwawani. Alipoteza meno mawili katika kisa hicho. Watoto wa Kiafrika na wa Kizungu huipenda hadithi hiyo sawasawa.

Kazi inayoipa bustani hii uzito hufanywa na wanyama wadogo kuliko Elvis. Mtunzaji humshika nyoka nyuma ya kichwa, akamwekea mdomo kwenye ukingo wa gilasi iliyofunikwa kwa utando mwembamba. Nyoka huuma, meno yakapenya, na matone ya sumu yakadondoka chini ya gilasi. Huko ndiko kukamua nyoka. Sumu ile hukaushwa na kupelekwa Melbourne, ambako farasi hudungwa kidogo kidogo, kiasi kisichowadhuru, mpaka miili yao ijenge kinga. Kinga hiyo huchujwa kutoka katika damu yao na kutiwa kwenye vichupa vinavyotunzwa katika hospitali za nchi nzima.

Aliyeianza njia hiyo ni Eric Worrell, mpenzi wa nyoka tangu utotoni, aliyefungua mahali padogo pa kuonyesha wanyama mjini Umina mwaka 1948. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwisha kuanza kupeleka sumu Melbourne. Enzi zile kazi hiyo iliua. Mwaka 1950 Kevin Budden, kijana wa miaka 20, alimkamata nyoka aina ya taipan akiwa hai huko Cairns. Aliumwa, akafa siku ya pili yake. Nyoka yule hakuuawa: alisafirishwa mpaka maabara, akakamuliwa, na mwaka 1955 dawa ya sumu ya taipan ikapatikana. Worrell alifariki mwaka 1987, lakini bustani yake iliendelea. Mwaka 1996 ilihamia ilipo sasa. Julai 2000 moto uliteketeza jengo kuu pamoja na wengi wa wanyama waliokuwamo, na baada ya wiki chache milango ilikuwa wazi tena. Sumu ilikuwa inahitajika.

Raia wa kawaida pia wana sehemu yao. Sydney ina buibui mweusi wa mashimoni ambaye dume lake linaweza kumuua mtu. Wananchi huombwa wakimwona wasimponde. Wamtie kwa uangalifu ndani ya kopo lenye mfuniko na kumpeleka mahali pa kupokelea, baadhi yake zikiwa hospitali, kisha husafirishwa hadi Somersby kukamuliwa. Dawa yake hutengenezwa kwa kutumia sungura, na tangu ilipoanza kutolewa mwaka 1981 hakuna aliyekufa kwa buibui huyo. Nyoka nao, katika nchi yenye baadhi ya nyoka wenye sumu kali kupita wote duniani, huua wastani wa watu wawili hivi kwa mwaka.

Wawili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barani Afrika matukio ya kuumwa na nyoka yanayohitaji matibabu ni kati ya 435,000 na 580,000 kila mwaka. Duniani kote wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000, wengi wao wakiwa wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini.

Hapo ndipo mtu wa diaspora husimama mbele ya kioo cha Somersby na kuanza kulinganisha. Je, nyumbani hakuna bustani za nyoka? Zipo, na nyingine ni za siku nyingi. Ile ya Nairobi, kando ya Makumbusho ya Taifa, ilifunguliwa mwaka 1961. Ya Meserani, kilomita 25 hivi kutoka Arusha katika barabara iendayo Makuyuni, ilianzishwa mwaka 1993 na familia iliyotoka Afrika Kusini. Ya Bio-Ken, Watamu, ilianzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda. Magari ya watalii huipita Meserani kila siku yakienda Ngorongoro na Serengeti, na mengi huingia. Wenye magari ya kwao wenyewe, wale walioshuka Kilimanjaro kwa likizo ya Krismasi na mabegi ya zawadi, wengi hupitiliza.

Wanakosa mengi. Somersby, mtunzaji huzungumza kwa kipaza sauti, umati umekaa, na muda ukiisha ratiba inawahamisha watu kwingine. Watamu au Meserani, mwongozaji hutembea na kikundi chake kutoka kizimba hadi kizimba na kujibu kila kinachoulizwa. Akiulizwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiswahili, na hapo somo hubadilika kabisa. Kwa Kiingereza yule nyoka mrefu wa kijivu anaitwa black mamba, na mtoto aliyekulia ughaibuni hushangaa, kwa kuwa mama yake alimfundisha kwamba mamba ni yule wa mtoni. Kwa Kiswahili huyo ni koboko. Yule mfupi mnene, aliyelala kama kipande cha gogo, ni kifutu. Mombasa watamwita bafe. Anayetema mate ni swila. Jina la nyumbani huja na maelezo yake: kifutu hakimbii akisikia hatua za mtu, hutulia palepale akitegemea rangi yake imfiche, na ndiyo maana hukanyagwa gizani. Aliyeyasikia hayo akiwa mbele ya kifutu mwenyewe hatatoka nje usiku tena bila tochi.

Tofauti nyingine ni kwamba bustani hizi mbili za nyumbani zimelazimika kufanya kazi ambayo Australia hufanywa na serikali na viwanda. Meserani ina zahanati inayowatibu wenyeji bure, walioumwa na nyoka wakiwa miongoni mwao, na kiingilio cha watalii husaidia kuiendesha. Bio-Ken huitwa watu wanapokuta nyoka jikoni au shambani, wakaenda kumkamata ili asiuawe. Tena kuna mfuko wenye jina la James Ashe, aliyefariki mwaka 2004, unaotoa dawa bure kwa aliyeumwa asiye na uwezo wa kulipa. Mtu anayenunua tiketi Watamu yuko karibu sana na maisha ya jirani wa pale, pengine karibu kuliko anayenunua tiketi Somersby.

Kinachouma ni kwamba nyoka wa Afrika Mashariki wameihudumia dunia kwa miaka mingi. C.J.P. Ionides, Mwingereza aliyeishi Liwale na kujulikana kama Bwana Nyoka, alikamata maelfu ya nyoka kusini mwa Tanzania kabla ya kifo chake mwaka 1968, wakaenda kwenye makumbusho, bustani za wanyama na maabara za nje. Jonathan Leakey, ambaye akiwa kijana mwaka 1960 aliokota Olduvai taya lililokuja kuwapa wanasayansi jina la Homo habilis, baadaye alifuga nyoka kando ya Ziwa Baringo na kuuza sumu yao. Baringo hiyohiyo ni miongoni mwa sehemu za Kenya ambako nyoka huwaumiza watu sana. Sumu ilitoka, lakini kiwanda hakikuja. Dawa inayotumika kwetu huagizwa, nyingi kutoka Afrika Kusini na India, na si kila inayoingia sokoni inafaa: iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Kihindi haiwezi kutegemewa kwa mtu aliyeumwa na koboko. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha mwaka 2014 kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyokuwa ikisifiwa na madaktari kwa nyoka wa Afrika, na shehena ya mwisho iliisha muda wake mwaka 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaliingiza tatizo la kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Karen, nje kidogo ya katikati ya Nairobi, watafiti wa Kenya wakishirikiana na chuo cha tiba za kitropiki cha Liverpool wameanzisha kituo kinachokamua nyoka wa hapahapa. Kazi hiyo inastahili fedha za serikali za kanda nzima, na inastahili kuzungumzwa kwenye vikao vya diaspora kama vinavyozungumzwa viwanja na magari.

Jambo moja la Somersby halifai kubebwa na kupelekwa nyumbani kama lilivyo. Mtoto wa Australia hufundishwa kwamba akiumwa na nyoka, mguu au mkono ufungwe bendeji pana kwa kukaza kuanzia vidoleni kwenda juu, kisha atulie bila kutembea. Mbinu hiyo ilitangazwa mwaka 1979 na daktari Struan Sutherland, na imeokoa wengi, kwa sababu nyoka wa hatari wa kule sumu yao hasa hushambulia neva na damu, na bendeji huichelewesha kuenea. Kwa koboko nayo inaweza kusaidia. Kifutu na swila ni habari nyingine: sumu yao huozesha nyama pale ilipoingia, na kuibana mahali pamoja huweza kuongeza uharibifu. Hivyo mjomba anayerudi kutoka Sydney na somo la bendeji, akalihubiri kijijini kwa kila nyoka, anaweza kumgharimu mtu mguu. Yanayofaa kwa nyoka wote ni machache: mtu atulizwe, pete na bangili zivuliwe kabla uvimbe haujaanza, kiungo kisichezwechezwe, apelekwe hospitali haraka. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba. Jiwe la nyoka, lile jeusi linalobandikwa juu ya jeraha, halivuti sumu. Saa zinazopotea likisubiriwa ndizo zinazoua. Swila akitema machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi safi, papo hapo.

Usukumani, chama cha Bayeye kimekuwa kikikamata nyoka, kucheza nao ngoma na kurithishana elimu ya tabia zao tangu zamani, na makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza yanahifadhi sehemu ya urithi huo. Dawa zao za kienyeji hazichukui nafasi ya kichupa cha hospitali. Macho yao ni suala jingine: watu wanaomtambua nyoka kwa kumtupia jicho moja wangekuwa msaada mkubwa kwa muuguzi anayejiuliza ni sumu gani iliyoingia. Australia ilimpata Worrell kutoka katika watu wa namna hiyohiyo, wapenda nyoka wasio na shahada, na maabara ikamfungulia mlango.

Basi, ndugu unayekata tiketi ya ndege ya Desemba, tenga asubuhi moja. Kama unashukia Kilimanjaro, nenda Meserani. Kama unashukia Mombasa, Watamu iko njia ya Malindi, na magofu ya Gede yapo jirani, hivyo nusu siku itajaa. Nenda na watoto, na wapwa wa kijijini ambao hawajawahi kumwona nyoka aliye hai bila mtu mwenye fimbo karibu. Mwombe mwongozaji aseme Kiswahili. Toa kiingilio, na ukiweza ongeza kitu kwenye mfuko wa dawa. Kisha ukifika kwa wazee, pita zahanati ya hapo uulize: dawa ya sumu ya nyoka ipo? Kama haipo, hospitali ya karibu yenye dawa hiyo ni ipi, na usiku gari la kumfikisha mtu huko linapatikana kwa nani? Andika majibu na namba za simu kwa herufi kubwa, uyabandike ukutani, mahali ambapo hata mtoto atayaona.