Mashine Haijui Nauli ya Boti

Wadau, siku hizi ni akili mnemba tu, ati itakwambia ugonjwa kabla haujakupata. Poa. Lakini inajuaje? Inasoma rekodi za wagonjwa waliotangulia, inatafuta mnaofanana, halafu inakupa alama ya hatari.

Sasa sikieni hii. Mwaka 2019 jarida la Science lilitoa utafiti kuhusu programu iliyotumika sana kwenye hospitali za Marekani. Ilipima hatari ya mtu kwa gharama za matibabu yake. Weusi walitumiwa pesa kidogo, basi mashine ikawaona wazima kuliko walivyo. Ingerekebishwa, weusi wanaopewa huduma ya ziada wangepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Mimi ni wa Pate. Presha ya bibi yangu haiko kwenye rekodi yoyote, manake kwenda hospitali ya Lamu ni ufike Mtangawanda kwanza, upande boti, na nauli uwe nayo. Kwa mashine, asiyeandikwa haumwi.

Chuo niliacha, lakini hesabu hii naiweza: kabla ya mashine, tuleteeni kipimo cha presha na daftari. Nawe, kwenu nani hajapimwa? Mpeleke wiki hii.